Mwezi Mmoja Juu ya Tuta

Kazi yangu ni ustawi wa jamii. Katika ofisi yetu ya kata watu huitwa kwa idara zao kuliko kwa majina, kwa hiyo kwa miaka mingi sasa mimi ni Ustawi. "Ustawi, kuna mtoto kaachwa stendi." "Ustawi, njoo umsikilize huyu mama, mumewe kamfungia nje." Nimezoea kiasi kwamba mtu akiniita kwa jina langu barabarani huwa nachelewa kugeuka.

Nilipoajiriwa nilidhani nitakuwa upande mmoja tu, upande wa kusaidia. Hakuna aliyeniambia kwamba ipo siku nitatembea na mgambo wenye sururu, nikiwa na fomu mkononi, naandika nani ni mjane na nani ni mgonjwa ili wenzangu wajue mlango wa kuvunja kwanza na mlango wa kuvunja mwisho.

Mto Mkondoa unapita kando ya mji wa Kilosa, na kati ya mto na mji kuna tuta. Ni ukuta mrefu wa udongo uliojengwa zamani kuzuia maji, na juu yake baiskeli mbili zinaweza kupishana. Wakati wa kiangazi mto huo unauvuka bila kulowanisha magoti. Lakini kila mwaka unashusha mchanga, na mchanga hauondoki, hivyo zipo sehemu ambazo ukisimama katikati ya mto unatazamana na madirisha ya watu walio upande wa pili wa tuta. Maji yakipanda, hakuna kingine kinachoyazuia ila udongo huo.

Juu ya udongo huo watu walikuwa wakiishi. Wengine walipoteza nyumba kwenye mafuriko ya nyuma na hawakupata kiwanja kwa kuwa walikuwa wapangaji, na mpangaji hana karatasi ya kuonyesha. Wengine walikuja kutafuta vibarua, chumba kikawashinda. Walijenga kwa miti na udongo, mabati chakavu na maturubai. Hakuna aliyekuwa na kibali. Sheria inasema mita sitini kutoka mtoni, na wao hawakuwa na hata sita.

Mtendaji wetu wa kata wakati huo alikuwa mwanaume wa makamo, mfupi, mwenye maneno machache. Masika yote alivaa buti za mpira, hata siku asizotoka ofisini. Siku moja tu aliniambia kwa nini. Alipokuwa kijana, mto ulivunja tuta, naye alikuwa miongoni mwa waliotafuta watu kwenye tope kwa kuchoma miti chini na kusikiliza inagusa nini. Akaendelea kusaini barua zake.

"Ustawi," alinieleza tulipopita juu ya tuta mara ya kwanza kuhesabu nyumba, "wewe unaangalia watu. Mimi naangalia chini. Tazama." Akanionyesha kwa mguu. Kila nyumba ilikuwa imechimba kitu: ngazi za kushukia mtoni, shimo la choo, mahali pa kuchukua udongo wa kukandika ukuta. "Hawa wako hapa juu kaya arobaini na kitu. Huku chini kuna mtaa mzima, kuna shule. Nikiwaacha hawa, nimewauza wale."

Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba mama aliyesimama mlangoni akitusikiliza, ana mtoto mgongoni, hakuwa na pa kwenda.

Tangazo likatoka la siku kumi na nne. Mgambo wakapita na rangi nyekundu wakachora X kwenye kuta, na kwenye maturubai ambako rangi haikushika wakafunga kitambaa. Kazi yangu ilikuwa kuandaa orodha ya kaya zenye mahitaji maalumu: wazee, walemavu, wagonjwa, wajawazito. Hao wangehamishwa kwa gari la ofisi na kupewa nafasi kwenye madarasa mawili yaliyokuwa hayatumiki, wakisubiri viwanja kule juu, mlimani. Wengine wangejitegemea.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya wazee wawili. Nje kulikuwa na matuta ya mchicha na matembele yaliyonyooka kama yamepimwa kwa kamba, na mama mwenye nyumba alikuwa akimwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu chini. Nilimpa shikamoo, akaitika, akafuta mikono kwenye khanga na kunikaribisha ndani bila kuuliza nimefuata nini. X ilikuwa ukutani nyuma yake.

Mumewe alikuwa amelala kitandani. Zamani alifanya kazi kwenye genge la reli, wale wanaotembea na nyundo wakikaza mataruma, na bado alikuwa na mabega ya kazi hiyo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia pamoja na maneno. Alikuwa akitoa sauti, na mkewe akizitafsiri. Walikuwa wakizungumza Kikaguru wao kwa wao, yaani yeye akizungumza na mzee akijibu kwa macho.

"Huko mlimani mnakotupeleka," mama aliniuliza, "maji yako wapi?"

"Kuna mpango wa kisima, mama."

"Mpango. Na huyu nitamshushaje hospitali? Hapa wananibebea kwa baiskeli, tunafika."

Nikamuuliza kama wana ndugu. Alikuwepo binti yao Mikumi, anauza chakula barabarani kwa madereva wa malori. Alikuwa anajenga chumba kwa ajili yao. Kilikuwa hakijaisha.

Wakati wote huo mzee alikuwa akiinua mkono wake mzima na kuuelekeza mlangoni. Aliuinua, ukaanguka, akauinua tena. Nilidhani ananiaga, au anataka maji. Mkewe akamnywesha maji, naye akayatema. "Amechoka," mama alisema. Kwenye fomu yangu kuna nafasi ya maoni ya mhusika. Niliandika pale maneno ya mkewe.

Wiki kadhaa baadaye, siku ya tatu ya matanga ya mzee huyo, ndipo mama aliponieleza. Mzee alitaka kuondoka. Tangu siku X ilipochorwa alitaka kuondoka, hata kwenye madarasa, hata mlimani. Aliuogopa mto. Kwenye kazi yake ya reli aliwahi kuona daraja likienda na maji, na kila wingu lililokaa upande wa magharibi lilikuwa likimkosesha usingizi. Mkewe alimwelewa vizuri kabisa. Ila alikuwa na mchicha wake, na alitaka kutoka pale mara moja tu, kwenda kwa bintiye, siyo kuhamahama na mgonjwa kama mizigo. Kwa hiyo hakunitafsiria. Na mimi, niliyesomea kusikiliza watu, sikumuuliza mzee swali hata moja la kujibiwa kwa kichwa, ndiyo au hapana.

Wiki ile niliyojaza fomu nilikwenda Mikumi kwa shughuli nyingine, nikampitia binti. Nilimkuta kando ya barabara kuu chini ya kibanda cha mabati, anageuza chapati huku malori yakitimua vumbi nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye haraka, anayekusikiliza huku anafanya mambo matatu. Alimwachia mwenzake kikaango, akanipeleka kukiona chumba. Kuta zilikuwa zimesimama, tofali za kuchoma, na mlango ulikuwa umewekwa. Juu kulikuwa wazi. Ndani alikuwa ameshaweka kitanda cha chini, amekikatia miguu mwenyewe ili baba yake asipate shida kushuka.

"Dada, nipe mwezi mmoja," aliniambia. "Mwezi mmoja tu, nipaue. Baba akija saa hizi nitamlaza wapi? Kwenye kibanda cha chapati?"

Nilirudi Kilosa kwa barabara inayopita kijiji cha Ulaya nikiwa nimeshaamua. Niliiona barua kichwani mwangu kabla sijashika kalamu. Ilikuwa barua nzuri. Nilieleza ugonjwa, umri, umbali wa hospitali, chumba cha Mikumi kinachokaribia kuisha, na nikaomba kaya hiyo moja iongezewe mwezi mmoja. Nilikwenda kuiandikia palepale nyumbani kwao, nimekaa kwenye kigoda, ili mama aweke dole gumba chini yake.

Mtendaji aliisoma mara mbili.

"Masika yanaingia," alisema.

"Ni kaya moja. Ni mwezi mmoja."

"Mto hauhesabu kaya."

"Mzee yule ukimweka darasani, kwenye sakafu, na watu wengine kumi, atakufa kwa vidonda. Nimeona watu wa hivyo. Wewe umewaona wa maji, mimi nimewaona hao."

Aliiweka barua mezani. Nje watu walikuwa wakisubiri kwenye benchi, na mmoja alikuwa akikohoa. Mwishowe akachukua kalamu.

"Nasaini kwa sababu umeomba wewe," alisema. "Usingekuwa wewe nisingesaini."

Niliichukulia kama sifa. Nilitoka pale nimejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake ipasavyo.

Siku ya kubomoa ilikuwa kama siku za namna hiyo zote. Watu wengi walikuwa wameshaondoka wenyewe, wameng'oa mabati na miti wakabeba. Familia moja ya wafugaji iliyokuwa upande wa juu ilikwishaswaga ndama wake tangu alfajiri, ikaacha majivu tu. Waliobaki walilia au walikaa kimya. Mama mmoja aliwaambia mgambo wasubiri, akaingia ndani, akafagia chumba, ndipo akatoka na kuwaacha wavunje. Mimi nilikuwa nikipita na orodha yangu, nikipandisha wajawazito kwenye gari na kubeba magodoro. Jioni tuta lilikuwa tupu, isipokuwa nyumba moja yenye mchicha nje. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akanipungia mkono. Majirani zake wa zamani walikuwa wakipita na vyombo kichwani, na sikupenda jinsi walivyomtazama, wala jinsi walivyonitazama mimi.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa ya mwezi ule niliouomba. Kilosa mvua haikunyesha kubwa. Ilinyesha huko juu unakotoka mto, na sisi tuliona mawingu tu. Saa moja asubuhi mama alifunga mafungu yake ya mchicha, akamlisha mzee uji, akaenda sokoni. Saa mbili nilikuwa napiga pasi nguo za kazini niliposikia kelele upande wa mtoni, siyo za watu. Zilikuwa kama za treni ya mizigo isiyoisha kupita.

Nilipofika, tuta lilikuwa limekatika. Maji yalikuwa yameingia mtaani, mekundu, yanabeba milango na kuku na magunia. Watu walikuwa wamepanda kwenye ukuta wa shule. Mtendaji nilimkuta upande wa huku wa pengo, amelowa mpaka kifuani, buti moja haipo. Alikuwa ametangulia kufika. Alikuwa amekimbilia nyumba ile moja.

"Yuko wapi?" nilimuuliza.

Alinyoosha kidole kwenye maji. Hapakuwa na nyumba.

Wiki kadhaa baadaye ndipo aliponiambia alichokiona. Alipofika, tuta lilikuwa limeshakatika pande zote mbili, na nyumba imebaki katikati kama kisiwa. Mzee alikuwa mlangoni. Alikuwa amejiburuta kutoka kitandani hadi mlangoni kwa mkono mmoja, akakaa pale, amegemea kizingiti. Hakupiga kelele, pengine hakuweza. Waliangaliana. Mtendaji aliingia majini mara mbili na mara mbili akarudishwa. Kisha ukuta wa nyuma ukashuka, kisha vyote.

Mama alirudi kutoka sokoni na beseni lake kichwani. Watu walimpisha. Alisogea mpaka ukingoni, akatazama, akalishusha beseni taratibu, akakaa chini kando yake. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Hakulia. Aliuliza, "Amekula uji wote au alibakiza?" Sikuelewa kwamba haniulizi mimi.

Mzee alipatikana siku ya tatu, mbali huko chini, kwenye shamba la mkonge. Wazee wa msikitini walimwosha na kumzika siku hiyohiyo. Binti alifika kutoka Mikumi akiwa na unga bado kwenye mikunjo ya vidole. Nilimpa pole. Aliipokea kama anavyopokea pole ya kila mtu, kwa sababu alikuwa hajaanza kufikiri juu ya ule mwezi.

Mtaani hakufa mwingine, lakini nyumba za udongo ziliyeyuka, na mahindi yaliyokuwa ndani yalichipua kwenye magunia. Wiki mbili baadaye kukawa na mkutano kwenye uwanja wa shule. Mabosi wa wilayani walikuja na viti vyao vikawekwa kivulini. Watu walizungumza kwa zamu. Kisha akasimama fundi cherehani mmoja wa mtaani, mama niliyemfahamu vizuri, cherehani yake ilikuwa imezama na vitambaa vya wateja. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mlivunja nyumba zote juu ya tuta. Kwa nini moja iliachwa? Nani aliruhusu? Maana maji yamekatia palepale."

Hakuna anayejua kama maji yalikatia palepale. Mhandisi aliyekuja baadaye alisema pengine ni shimo la choo cha nyumba ile, pengine ni njia ya ng'ombe iliyokuwa hatua hamsini mbele, pengine ni udongo kuzeeka tu. Lakini siku ile watu mia mbili waligeuka kutazama meza yetu. Faili lilikuwa mbele yetu na ndani yake barua yangu, kwa mwandiko wangu.

Mtendaji alisimama. "Niliruhusu mimi," alisema. "Saini ni yangu."

Wakamuuliza kwa sababu gani. Akasema kwa sababu ya ugonjwa wa mzee. Wakamuuliza kama hakujua hatari. Akasema alijua. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu liliniruka mimi. Nilikuwa nimekaa mkono wa kushoto wake. Nilikuwa na kinywa na nilikuwa na miguu ya kusimamia. Nilitazama viatu vyangu, vilikuwa na tope lililokauka, nikawa nalikwangua kwa ncha ya kiatu kingine mpaka mkutano ukaisha.

Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini nilikaa kimya. Nina watoto wawili na ninawalea peke yangu. Nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki mbili. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Ukweli ni kwamba aliposimama nilipata nafuu, kama mtu aliyepokewa mzigo, na nafuu ile ilikuwa tamu kiasi kwamba sikutaka kuikatiza.

Mtendaji alihamishwa kabla masika hayajaisha. Walimpeleka kata ya mbali milimani, ambako masika barabara hufungwa na barua hufika kwa miguu. Siku anaondoka alikuwa na mabegi mawili na redio. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, na pale ndipo aliponieleza habari ya mzee mlangoni. Nilimuuliza kwa nini hakusema mkutanoni kwamba barua ilikuwa yangu.

"Wewe uliomba," alisema. "Kuomba ndiyo kazi yako. Kukataa ndiyo ilikuwa kazi yangu, sikuifanya."

"Nitawaandikia niseme."

"Utaandika nini? Watatutoa wote wawili, na hapa atabaki nani wa kuwaandika wagonjwa?" Akapanda gari. Kisha akashusha kioo. "Ustawi, usiache kuomba. Ila siku nyingine nenda ukaangalie na chini."

Sikumwona tena. Tulikuwa tukipigiana simu siku za sikukuu, kisha namba yake ikawa haipatikani.

Baada ya miezi michache nilikwenda Mikumi kumwona mama. Chumba kilikuwa kimepauliwa kwa mabati mapya, na ndani kile kitanda cha chini kilikuwa kimewekewa ndoo na masufuria ya biashara. Mama alikuwa nje kivulini, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amepungua mwili. Nilimpa shikamoo, akaitika, akanisogezea kigoda.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia, "Mama, ile barua ya mwezi mmoja niliiandika mimi. Mkutanoni walimlaumu mtendaji, nami nilinyamaza. Nimekuja nikwambie."

Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa.

"Najua uliiandika. Nilikuwepo."

"Nisamehe, mama."

"Unataka nikwambie nini, mwanangu?" Sauti yake haikuwa na hasira. "Yule mzee aliniambia tuondoke, mimi nikajifanya sisikii. Kila siku naamka na hilo. Ninalo langu. Siwezi kukubebea na la kwako."

Tukakaa. Malori yalikuwa yakipita, na kila lilipopita maharage yalitetemeka kidogo kwenye ungo. Sikujua niondoke au nisaidie kuchambua. Nikanyoosha mkono nichukue fungu, naye hakunizuia, lakini hakunisogezea ungo.

Binti ndiye aliyenisindikiza barabarani. Alikuwa ameshajua nilichokuja kusema. Alisubiri tufike mbali na nyumba.

"Dada, mimi ndiye niliyekuomba ule mwezi," alisema. "Sikulaumu. Ila nakuomba usije tena. Ukija, mama halali siku mbili."

Nikamwambia nimeelewa. Sijarudi kwao. Nikipita Mikumi kwa kazi huwa nashukia stendi, nanunua chai kwa mtu mwingine.

Barua niliiandika baadaye, nimechelewa sana. Kurasa mbili, nikaeleza nani aliomba na nani alisaini na ni nani aliyenyamaza. Nikampelekea mtendaji mpya, kijana mwenye kompyuta mpakato na adabu nyingi. Aliisoma yote mbele yangu, akaikunja vizuri.

"Dada Ustawi, hili suala limeshafungwa," alisema. "Barua nitaiweka kwenye faili."

Akaiweka. Iko huko mpaka leo, nadhani.

Tuta lilizibwa kwa mawe na udongo mpya. Mwaka uliofuata nyumba mbili zilichomoza juu yake, na mwaka huu zilikuwa tisa. Tangazo likatoka, rangi nyekundu ikapita, nami nikapewa fomu zangu. Safari hii nilitembea nikiangalia watu na kuangalia chini. Nilimuuliza kila mtu yeye mwenyewe, hata watoto.

Kwenye nyumba ya mwisho nilimkuta msichana mwenye mapacha wa wiki tatu. Mumewe alikuwa Ruhembe akikata miwa, atarudi baada ya wiki mbili. Alinishika mkono.

"Dada, nisubirishie wiki mbili tu. Arudi, tuhamie naye. Niliambiwa wewe una huruma."

Nilitazama nyuma ya nyumba. Walikuwa wamechimba choo upande wa mto, kirefu, na maji yalikuwa yameanza kuonekana chini yake.

"Siku tatu," nilimwambia. "Nitakuja mwenyewe kukubebea vitu."

Aliachia mkono wangu. Siku ya tatu nilikwenda na gari, nikabeba sufuria zake, godoro lake, na mtoto mmoja kifuani. Njia nzima alitazama nje. Tulimweka darasani pamoja na wengine sita. Sakafu ya saruji ina baridi, na wiki hiyohiyo pacha mmoja alipata nimonia, akalazwa siku sita. Nilikuwa nikienda asubuhi na jioni. Alipona, lakini ana kifua dhaifu mpaka sasa.

Mumewe alirudi kutoka Ruhembe kwa baiskeli, mikono imechanika kwa majani ya miwa, akakuta tuta tupu. Akaelekezwa ofisini. Alinisalimia, akakaa kwenye benchi mbele ya meza yangu, nami nikamweleza kila kitu: sheria, choo, mkewe alipo, mtoto alivyougua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na maji yalikuja?" aliuliza.

"Hayakuja," nilimjibu. "Mwaka huu mto haukupanda."

Alitikisa kichwa, siyo kwa kukubali wala kukataa. Akabaki ameketi pale, ameishika kofia yake, nami nikatoa fomu ya kiwanja nikaanza kumwandikia.